Nilimlilia Kanumba, binamu yangu nikamsahau

Wiki iliyopita dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia usiku wa manane. Amemlilia msanii aliyefariki, mtu ambaye hajawahi hata kumpa mkono, na mumewe amemcheka. "Kaka, hivi mimi ni mzima kweli?" Halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, akagusia kwamba mama yake mkubwa yuko Korogwe, amepooza upande mmoja, na hajamwona tangu mwaka juzi.

Dada, wewe ni mzima. Hilo la mama mkubwa nitalirudia.

Mimi nililia Aprili 2012. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka, mji uko kwenye maandalizi ya sikukuu, simu zikaanza kuita kuanzia alfajiri: Kanumba amefariki usiku, nyumbani kwake Sinza. Nilidhani uzushi. Steven Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alikuwa na miaka 28. Mimi nilikuwa na 27. Tulimjua tangu enzi za kundi la maigizo la Kaole, tunajazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni kumwangalia ITV, kisha tukamwona akipanda mpaka anaigiza na Wanaijeria. Kijana wa Shinyanga! Kwa sisi tuliokuwa tunatafuta jina mjini bila mjomba wa kutushika mkono, yule alikuwa ushahidi kwamba inawezekana. Najua nawe unayesoma hapa una ndoto zako za namna hiyo, ndiyo maana tunaelewana.

Jumanne ya mazishi niliomba ruhusa kazini. Nikanunua fulana yenye picha yake kwa shilingi elfu kumi, nikaenda kumuaga viwanja vya Leaders. Sijawahi kuona umati kama ule. Watu walipanda juu ya miti, wengine walizimia wakabebwa juu kwa juu. Jeneza sikulifikia, nililiona kwa mbali tu, na hata hivyo nililia hadi kifua kikauma. Baadaye tukaelekea makaburi ya Kinondoni kwa miguu, watu tusiojuana tumeshikana mabega kama ndugu.

Sasa nisikilize. Tangu Februari mwaka ule binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa anaumwa Mbagala. Figo. Tulilelewa nyumba moja, tulilala godoro moja mpaka nilipomaliza darasa la saba. Mwezi Machi alinitumia ujumbe: "Ndugu yangu, ukipata nafasi pita." Nikamjibu, "Usijali, wiki hii nakuja." Wiki ikapita. Akanibipu mara mbili, nikasema nitampigia jioni. Nauli ya daladala kwenda Mbagala haikufika hata shilingi elfu moja. Fulana nimekwambia nilinunua kwa shilingi ngapi.

Mwisho wa Aprili akafariki.

Msibani nilichangia shilingi elfu hamsini, jina langu likasomwa karibu na juu ya orodha, wazee wakatikisa vichwa kunisifu. Shangazi akaniita ndani. Hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Alikuwa anakuulizia." Basi. Miaka imepita na maneno hayo mawili bado yananiamsha usiku. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Na kuna lingine ambalo sijawahi kuliandika. Siku zile za msiba wa Kanumba kulikuwa na binti mmoja, mwigizaji mwenzake, aliyekuwa mikononi mwa polisi akituhumiwa kuhusika na kifo chake. Kesi yake ilikuja kuhukumiwa 2017. Lakini sisi kwenye daladala tulimaliza hukumu siku ileile, na mimi nilisema maneno ambayo nisingependa mtu aseme juu ya mdogo wangu. Nimevaa fulana ya marehemu, macho mekundu kwa kilio, na mdomo wangu unamchana mtoto wa mtu. Kama machozi yangeleta huruma yenyewe, mimi siku ile ningekuwa mtu wa huruma kuliko wote Dar es Salaam.

Nikitazama nyuma naona kwamba sehemu kubwa ya kilio kile nilijililia mwenyewe. Kama kifo kimemchukua Kanumba na jina lake lote, mimi ni nani? Si dhambi kuogopa. Lakini hofu ile ilinipeleka Leaders, haikunipeleka Mbagala.

Februari 2024 nilikumbushwa tena. Kelvin Kiptum, mwanariadha wa Kenya, miaka 24, miezi minne tu baada ya kukimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, muda uliokuwa rekodi mpya ya dunia wakati ule, alifariki kwa ajali ya gari usiku karibu na Kaptagat. Nililia, ndiyo. Lakini ndani ya gari lile alifariki pia kocha wake, Gervais Hakizimana, Mnyarwanda. Siku ile nilihesabu marafiki zangu walioweka picha ya Kiptum mtandaoni, nikafika thelathini na kitu. Aliyemtaja kocha alikuwa mmoja. Naye ana mama, naye kuna mahali walikuwa wanamsubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu, na nimeuishi, sikuutoa kitabuni. Ukimlilia mtu maarufu, lia, usione aibu, asikucheke mtu. Halafu kabla machozi hayajakauka jiulize nani anaumwa katika ukoo wako, mtaani kwako, kazini kwako. Mwendee. Usitume salamu, mwendee. Usiseme "nikipata nafasi", kwa sababu nafasi ya kwenda msibani utaipata tu, bosi atakupa ruhusa na hela utaikopa. Iombe ruhusa hiyo mtu akiwa hai. Mimi tangu 2012 kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni ya wagonjwa. Nimepoteza dili kwa ajili ya Jumamosi hizo, na rafiki mmoja aliniambia nimekuwa kama mchungaji. Sijali. Nimekaa na wazee wanne katika siku zao za mwisho na hakuna hata mmoja aliyeondoka akiniulizia.

Na mtu akituhumiwa, funga mdomo. Hata kama mji mzima unaongea. Nyamaza, mwendee mgonjwa.

Ukifika, usiende na hotuba. Nenda na machungwa na muda. Kaa. Mgonjwa wa muda mrefu huchoka kuulizwa "unaendeleaje", anataka kusikia umbea wa mtaani, nani kaoa, Simba na Yanga ilikuwaje. Nilijifunza hili nimechelewa, kwa mzee mmoja wa Tandika aliyekuwa akinifukuza kila nikianza kumwombea dua ndefu, ananiambia nimsomee gazeti kwanza.

Sasa dada yangu, turudi Korogwe. Umeniuliza kama wewe ni mzima, nami nakuuliza mama mkubwa anaitumia simu ya nani. Mpigie leo, hata kama ulimi wake ni mzito, wewe ongea tu. Mabasi ya kwenda Korogwe yanatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi tangu alfajiri. Ukiondoka Ijumaa asubuhi, mchana umeshafika, na Jumapili jioni uko nyumbani na mumeo. Ukishakata tiketi niandikie.