Jibu la msomaji: Mtindo wako utauona ukiwa umebanwa

Swali la wiki hii liliuliza iwapo mchezaji wa kawaida wa skwoshi, mchezo wa raketi wa kupiga mpira ukutani, aige mtindo wa bingwa anayempenda au ajitafutie wa kwake. Kwa maoni yangu, mtindo anao tayari. Kinachobaki ni kuutambua na kuuthamini.

Asiutafute katika dakika za mwanzo, wakati kila mtu ana pumzi na anacheza kama alivyokusudia. Autazame katika seti ya tano, pointi zikiwa 8 kwa 8, mpira umekimbilia kona ya nyuma na miguu imekuwa mizito: wapo ambao mkono huwatuma kuupiga mrefu sambamba na ukuta, kisha wakarejea kwenye alama ya T, pale mistari inapokutana katikati ya uwanja, na wapo wanaoudondosha mbele, juu kidogo tu ya bati, ule ukanda wa chini wa ukuta wa mbele, hata nafasi ikiwa finyu.

Mitindo yote miwili imezaa mabingwa. Jonah Barrington, aliyetwaa British Open, shindano kubwa la skwoshi la Uingereza, mara 6 kati ya mwaka 1967 na 1973, aliwachosha wapinzani wake kwa mipira mirefu isiyokoma, na kanuni za enzi hizo zilimfaa, kwa kuwa pointi ilipatikana kwa mwenye sevu, yaani aliyeanzisha mpira, peke yake na pambano liliweza kurefuka sana. Ramy Ashour wa Misri, bingwa wa dunia mwaka 2008, 2012 na 2014, aliukatiza mpira hewani na kuumaliza mbele kutoka mahali ambapo wengine wangejihami tu. Inaniuma sana ninapoona kijana mwenye subira akilazimishwa kushambulia kwa sababu watazamaji hupenda hivyo.

Hata hivyo, kuukubali mtindo wako hakukupi ruhusa ya kuacha kujifunza. Mwenye subira ambaye mpira wake mrefu unaishia katikati ya uwanja anampa mpinzani zawadi; ni lazima udunde mara ya pili karibu kabisa na ukuta wa nyuma. Mshambuliaji naye anauhitaji mpira huohuo, pengine kuliko mwenzake, kwa maana dropu, yaani mpira uliodondoshwa mbele, humtesa mpinzani aliyekwisha kusukumwa nyuma, ilhali aliyesimama kwenye T huifikia kwa hatua chache. Kwa hiyo wote wawili waanze mazoezi kwa mpira mrefu, ndipo kila mmoja alinoe pigo ambalo mkono wake hulikimbilia.