Muulize Fundi: pikipiki ya safari ikikugomea njiani

Mwezi huu barua nyingi ni za wenye pikipiki za masafa, naona watu mmeanza kutembea kweli kweli sio ile ya kwenda sokoni na kurudi. Zinazofanana nimeziunganisha, na zile za "fundi pikipiki yangu ina mlio" bila kusema mlio wa wapi na unatokea saa ngapi nimeziacha, andikeni tena.

Nimenunua betri mpya, nayo imekufa

"Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya cc 650 silinda mbili. Nimetoka Morogoro naenda Mbeya, kufika karibu na Makambako taa zikaanza kufifia, dashibodi ikawa inachezacheza alafu ikazima kimya. Tukabusti kwa betri ya gari ikawaka, nikatembea kidogo ikazima tena. Fundi wa pale akasema betri imekufa, nikanunua nyingine kwa bei iliyoniuma, kesho yake nayo chali. Saivi naambiwa ninunue koili za chaji. Nisaidie kabla sijaishiwa." Msafiri, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Hela ibaki mfukoni kwanza. Betri ya kwanza huenda haikuwa na kosa lolote, tatizo ni kwamba hakuna anayeijaza. Pikipiki ikishawaka, umeme wa plagi, pampu ya mafuta, taa na kompyuta yake unatakiwa utoke kwenye chaji ya injini, chaji isipokuwepo vyote vinakula betri mpaka iishe, ndo maana ukibusti inaenda kidogo inazima. Wanaohusika ni watatu tu: koili za chaji zilizo ndani ya kava la injini, rektifaya ambayo ni kile kiboksi cha alumini chenye mapezi kinachogeuza na kudhibiti umeme wa koili ili ujaze betri, na nyaya zinazounganisha hivyo viwili na betri. Mafundi wengi wanarukia koili. Mi naanzia kwenye nyaya, kwa sababu kuziangalia ni bure na huwa zinaungua sana.

Tafuta mita ya umeme, zile ndogo za kidijitali zinauzwa maduka ya vifaa vya umeme na zinaenea kwenye begi la zana. Jaza betri kwa chaja, iache ipumzike, ipime: ikisoma volti 12.6 mpaka 12.8 ipo vizuri. Washa injini, pandisha mzunguko kama 5,000 hivi, pima tena pale pale kwenye vichwa vya betri. Ukipata 13.8 mpaka 14.5 chaji ipo, hapo sasa betri yenyewe ndo ya kushukiwa, au kuna kitu kinanyonya umeme hata ukiwa umezima. Ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka, chaji hakuna. Ikipita 15, rektifaya imekufa kwa upande mbaya zaidi, inaichemsha betri, na usisafiri nayo hivyo maana itaunguza na vitu vingine.

Chaji ikiwa hakuna, fuata nyaya tatu zinazotoka ubavuni mwa injini kwenda kwenye rektifaya, pikipiki nyingi za Japani zote tatu ni za njano. Angalia ile soketi zinapoungania. Ukiiona imebadilika rangi kuwa kahawia, plastiki imeyeyuka au inanuka kuungua, ushapata mgonjwa. Ikate soketi, unga waya kwa waya kwa risasi ya kuchomelea, funika vizuri, pima tena. Soketi ikiwa nzima, ichomoe, weka mita kwenye volti za umeme wa AC, injini ikiunguruma pima upande wa injini waya mbili mbili mpaka umalize jozi zote tatu. Zote zinatakiwa zisome karibu sawa na zipande ukivuta mafuta, zinafika volti 50 na zaidi kwa hiyo vidole mbali. Jozi moja ikisoma chini kuliko wenzake, koili imeungua kweli na aliyekuambia ununue alikuwa sahihi, japo bado namuuliza alijuaje bila kupima. Alafu zima injini, weka mita kwenye mlio (ile sehemu inayolia umeme ukipata njia), gusisha kila waya wa njano na bodi ya injini: ikilia, koili imeshavuja kwenye chuma, nayo ni ya kubadilisha. Koili zikipita mitihani yote miwili na waya ni nzima, nunua rektifaya.

Siku ikikukuta porini tena, mchana, chomoa fyuzi ya taa kubwa, chomoa chaja ya simu na kila unachoweza, na ikishawaka usizime mpaka mjini. Ukibusti kwa gari, injini ya gari iwe imezimwa. Na hizo spotilaiti mbili za wati 55 nilizoziona kwenye picha uliyotuma, hizo peke yake ni wati 110 juu ya mfumo ambao haukupangiwa huo mzigo, weka za LED.

Piki inachoka nikifika Timboroa

"Sasa fundi, mimi niko Nakuru na piki ya kabureta, 250. Ilitoka Mombasa, mwenye aliniuzia alikuwa akiiendesha huko. Hapa town iko sawa sawa tu, lakini nikipanda kwenda Eldoret, kukaribia Timboroa inakosa nguvu kabisa, lori zinanipita. Nikitoa plagi iko nyeusi kama makaa. Mekanika anataka kufungua injini abadilishe ringi za pistoni." Rider, Nakuru

Mwambie aweke spana chini. Timboroa ni juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua zaidi ya robo ukilinganisha na Mombasa. Kabureta haina akili ya kulijua hilo, inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile wakati hewa ya kuichoma haitoshi, kwa hiyo mafuta yanazidi, plagi inajaa masizi, nguvu inaisha. Piki za injekta zina sensa na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe, ndo maana mwenzako wa injekta anakupita anakupungia mkono.

Moshi utakuambia ukweli. Ringi zikiisha unaona moshi wa bluu na oili inapungua kwenye injini, ukiona mweusi hiyo ni petroli. Wewe umeniambia plagi nyeusi, hujaniambia kama oili inapungua, ipime asubuhi piki ikiwa imesimama wima kabla hujamruhusu mtu afungue chochote.

Anza na filta ya hewa, ukisafisha tu unaweza ukashangaa. Usiitoe kabisa kama wengine wanavyofanya, vumbi likiingia ndo utazihitaji hizo ringi kweli. Ikiwa bado nzito, fungua kabureta, sindano yake ina kilipu kwenye vijino, pandisha kilipu kijino kimoja juu, sindano itashuka na mafuta yatapungua. Ikibaki na shida ukiwa umevuta mafuta yote, hapo ni jeti kubwa, ile yenye kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, weka yenye namba ndogo kidogo. Na usisahau: siku ukiamua kushuka Mombasa na hiyo seti ya mlimani, rudisha kama ilivyokuwa, mafuta yakiwa kidogo kule chini injini inachemka na inaweza kutoboa pistoni.

Inazima kila baada ya nusu saa, nikisubiri inawaka

"Kaka fundi habari. Pikipiki yangu inatembea vizuri kabisa, baada ya nusu saa au zaidi inaanza kukohoa alafu inazima. Nikikaa chini ya mti dakika kumi inawaka kama hakuna kilichotokea. Wameshabadilisha plagi na koili ya plagi. Ilianza nilipojiandaa na safari ya Singida, nilinunua begi la kuweka juu ya tangi na boksi la nyuma." Dada wa Dodoma

Dada, jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Petroli ikitoka kwenye tangi lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na kwa pikipiki nyingi inaingia kwa kitundu kidogo kwenye mfuniko. Begi lako limekaa juu ya mfuniko, kitundu kimezibwa, tangi linajivuta lenyewe mpaka mafuta yanagoma kushuka, ukikaa chini ya mti hewa inapenya taratibu na inawaka.

Ikizima tena usikae. Toa begi, fungua mfuniko hapo hapo. Ukisikia hewa inavutwa fyuuu na pikipiki ikawaka papo hapo, kesi imeisha, sogeza begi na safisha kitundu kwa waya mwembamba, maana vumbi nalo linaziba. Ukifungua isilie chochote na bado haiwaki, hapo ndo tuanze kushuku umeme unaokatika kwa joto: chomoa plagi ikiwa bado ya moto, igusishe kwenye chuma mbali na tundu lake na mbali na mafuta, piga stata uone cheche. Kama hakuna cheche, angalia na swichi ya stendi ya pembeni, zinajaa tope na zinazima injini bila sababu.

Klachi inateleza baada ya sevisi

"Nimemwaga oili nikaweka ya gari, ya bei kabisa, sintetiki. Sasa nikivuta mafuta gia ya tano injini inalia lakini mwendo hauongezeki." Mpenda safari, Mombasa

Oili ni nzuri, ila umeiweka pasipo pake. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ya injini, na oili nyingi za gari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, hiyo dawa ikifika kwenye sahani za klachi zinateleza. Mwaga, weka ilioandikwa JASO MA au MA2 kwenye kopo, hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi ya kuogelea, sio MB. Tembea kidogo, na ikibidi mwaga tena mara ya pili. Kabla ya yote hakikisha mkono wa klachi una ulegevu wa milimita 2 au 3, waya ukikazwa sana klachi inateleza vile vile. Ikikataa hapo, sahani zimeshaungua.

Cheni imekazwa "isije ikatoka"

"Mimi na mama watoto tunasafiri Arusha mpaka Kondoa na mabegi mawili ya pembeni. Cheni ilikuwa inapiga, fundi ameikaza vizuri haichezi hata kidogo. Sasa nasikia mvumo mbele kwenye sproketi ndogo." Baba wawili, Arusha

Ilegeze leo, hata kabla hujamaliza kusoma gazeti. Pikipiki za safari zina shokapu ndefu, mkikaa wawili na mizigo nyuma inazama, na inapozama gurudumu linasogea mbali na sproketi ya mbele, cheni inavutika. Kama ilishakazwa ikiwa tupu haina pa kwenda, inaivuta shafti ya giaboksi na beringi yake. Huo mvumo ndo beringi inalia. Angalia kama oili imeanza kuvuja nyuma ya sproketi ndogo, ikivuja kuna kazi ya kufungua, na ni kazi ya pesa.

Kipimo kimeandikwa kwenye stika ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa pikipiki nyingi za aina yenu ni milimita 35 mpaka 45 za kucheza juu na chini. Zungusha gurudumu upime sehemu cheni ilipokaza zaidi. Ukikuta sehemu moja imekaza na nyingine inaning'inia, imekwisha, haina dawa. Kipimo kingine: shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute, ukiona imeinuka mpaka nusu ya jino iko wazi, badilisha. Badilisha na sproketi zote mbili, watu wanaonea huruma sproketi zilizokwisha alafu zinaila cheni mpya kwa muda mfupi. Kama kiungo ni cha kilipu, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda.

Kusafisha tumia mafuta ya taa na brashi laini, petroli inaua raba ndogo zilizo kati ya vipande. Paka oili ukifika, cheni ikiwa bado ya moto, alafu futa inayobaki nje maana njia ya vumbi ikikutana na oili nyingi unatengeneza msasa.

Breki ilizama Kitonga

"Natoka Iringa nashuka Kitonga nyuma ya malori, mkono wa breki ya mbele ukawa laini ukafika mpaka kwenye hendo. Chini nilipopumzika ukarudi kawaida. Pedi ni nzima. Ni nini?" Dereva wa Mafinga

Pole sana, hapo umenitisha hata mimi. Mafuta ya breki yamechemka. Yanavuta unyevu wa hewa miaka inavyokwenda: DOT 4 (daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye kopo) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishajaa unyevu kiwango chake ni 155 tu. Ukishika breki mteremko mzima joto linafika huko, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, ndo mkono ukazama.

Kitonga unashuka kwa gia. Ingia ya pili au ya tatu juu kabisa kabla ya mteremko, injini ikushikilie, breki iguse kwa nguvu na uiachie ipoe, sio kuikalia. Angalia na mguu wa kulia, wengi wanaupumzisha juu ya breki ya nyuma bila kujua. Ukihisi mkono unaanza kulainika pampu haraka haraka, tumia ya nyuma na gia, toka nje ya barabara mapema, usisubiri kona inayofuata.

Na huo mkono kurudi kawaida usikudanganye, mafuta ni yale yale. Yamwagwe yote, sio kuongezea juu, ijazwe DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, itolewe hewa, na baada ya hapo iwe kila miaka miwili. Asikuwekee oili ya injini hata kwa kujaribu, raba za ndani zitavimba na utashuka Kitonga bila breki kabisa.