Soma geji maji yakiwa yanatembea

Shamba la dripu, yaani linalomwagiliwa kwa matone, likianza kunyauka upande mmoja, wengi hukimbilia kutafuta pampu kubwa zaidi. Subiri kwanza. Pima presha, yaani nguvu inayosukuma maji, na mtiririko, yaani kiasi cha maji kinachopita kwa saa. Pima vyote viwili kwa pamoja. Kipimo kimoja bila mwenzake kinapotosha, na pesa nyingi hupotea hapo.

Mtiririko hauhitaji kifaa. Twaa ndoo ya lita 20, fungua maji, hesabu sekunde mpaka ijae. Ikijaa kwa sekunde 25, hiyo ni lita 0.8 kwa sekunde, au lita 2,880 kwa saa. Rudia mara tatu uchukue wastani, maana kukosea sekunde 2 tu hapo ni kupotoka asilimia 8. Ndoo ikijaa chini ya sekunde 10, tumia pipa. Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: wanapima koki ikiwa wazi kabisa. Maji hayo hayana kitu cha kuyazuia, lakini shambani yatakutana na chujio, viungo na mamia ya matundu madogo. Weka geji, kifaa chenye sindano kinachoonyesha presha, kabla ya koki, bana koki mpaka geji isome presha utakayoitumia, kisha ndipo ujaze ndoo. Namba hiyo ndiyo ya kupangia shamba.

Na kupanga ni hesabu fupi. Laini, yaani mpira wa dripu, ya mita 50 yenye tundu kila sentimita 30 ina matundu kama 167. Kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa, laini nzima inakunywa lita 267. Kwa lita zako 2,880 unafungua laini 10 kwa mpigo na kubaki na akiba kidogo. Ukifungua 20, presha inaanguka, na mimea ya mwisho wa laini ndiyo inayolipa.

Upande wa geji, chagua inayolingana na kazi. Presha hupimwa kwa bar. Mfumo wa bar 1 ukiufungia geji ya bar 16, sindano haitajinyanyua vya kutosha kusomeka. Geji ya bar 0 hadi 2.5 inafaa dripu. Yenye glisirini (majimaji mazito) ndani ni bora karibu na pampu, kwa kuwa sindano haitetemi. Ukiichomoa kwenye bomba lazima irudi sifuri. Isiporudi, itupe.

Kisha soma maji yakiwa yanatembea. Koki ikiwa imefungwa, geji inaonyesha kimo tu: kila mita 1 ya maji juu ya geji ni karibu bar 0.1, kwa hiyo tangi lenye maji mita 3 juu litasoma bar 0.3 hata kama bomba ni jembamba kama kidole. Fungua maji uone kinachobaki. Bomba linakula presha kwa kasi isiyotarajiwa: mtiririko ukiongezeka mara mbili, upotevu unakaribia mara nne, kipenyo cha ndani kikipungua nusu kwa maji yale yale, upotevu unapanda karibu mara 30. Ndiyo maana kubadilisha kipande cha bomba jembamba mara nyingi huleta nafuu kuliko pampu mpya.

Sehemu ya kupima ni mwisho wa laini ya mbali kabisa. Mlangoni mwa shamba kila mfumo unaonekana mzima. Dripu ya kawaida, ambayo matundu yake hayajirekebishi presha inapobadilika, ikipata bar 1 mwanzoni na bar 0.8 mwishoni, maji yanatofautiana kwa asilimia 10 hivi, na hiyo inavumilika. Zaidi ya hapo, fupisha laini au panua bomba linalozilisha.

Kama huna geji ya kufika huko, makopo yanatosha. Chagua laini nne: ya kwanza, ya mwisho na mbili za katikati. Katika kila laini kinga matone sehemu nne kwa dakika 3, pima mililita, zidisha kwa 20 upate kiasi cha saa nzima. Tundu la lita 1.6 linapaswa kutoa mililita 80. Sasa chukua wastani wa makopo manne yenye maji machache, gawanya kwa wastani wa yote 16. Asilimia 90 na zaidi ni mfumo mzuri. Chini ya 80, kuna mimea yenye kiu na mingine inaoga, na kuongeza saa za kumwagilia hakutaiponya.

Kuhusu kudhibiti, nasisitiza: koki iliyobanwa si regyuleta, yaani kifaa cha kushikilia presha isizidi kiwango. Inapunguza presha pale tu maji yanapopita. Ukifunga nusu ya laini, zilizobaki zinapata presha kubwa kuliko uliyoweka, na tepu (laini za dripu zenye ukuta mwembamba), ambazo nyingi hazitaki kuzidi bar 1, zinapasuka au kuchomoka kwenye viungo. Regyuleta inashikilia presha hata mahitaji yakibadilika, mradi mtiririko uwe ndani ya mipaka iliyoandikwa juu yake. Ifunge baada ya chujio, mshale ukielekea shambani. Kwenye mteremko kila kitalu, yaani kila sehemu ya shamba inayomwagiliwa kwa pamoja, kiwe na regyuleta yake, kwani kushuka mita 10 kunaongeza karibu bar 1.

Springla, yaani vinyunyizio vinavyorusha maji hewani, ni habari nyingine. Nyingi hutaka bar 2 hadi 4. Presha ikizidi, maji yanakuwa ukungu unaopeperushwa na upepo. Ikipungua, yanaanguka kama pete na katikati panabaki pakavu.

Funga koki polepole, kwa kuhesabu hadi kumi. Maji yanayosimamishwa ghafla hugonga, na kishindo hicho huvunja viungo. Usiruhusu pia yapite kwa kasi ya zaidi ya mita 1.5 kwa sekunde. Kwa bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 32, hiyo ni lita 1.2 kwa sekunde. Palipoinuka weka vali ya kutoa hewa, la sivyo hewa iliyonaswa itabana njia kama uchafu.

Siku mfumo ukiwa mpya, andika presha na mtiririko wa kila kitalu. Baadaye namba hizo zitakuonyesha tatizo lilipo. Presha imepanda na mtiririko umeshuka: matundu yanaziba. Presha imeshuka na mtiririko umepanda: tafuta pasuko au laini iliyochomoka. Vyote vimeshuka: rudi nyuma ya geji, kwenye pampu, bomba la kuvutia maji au chujio. Chujio lisomwe pande zote mbili, ikiwezekana kwa geji ile ile moja, kwani geji mbili hazikubaliani daima. Tofauti ikizidi ile ya chujio safi kwa bar 0.3 hadi 0.5, lioshe siku hiyo hiyo.