Jibu: Kaunti za Kenya zina nguvu au ni jina tu?

Ndugu, umeuliza kama magavana, wakuu wa kaunti, wana mamlaka ya kweli au wanacheza ngoma ya serikali kuu ya Nairobi. Kwenye karatasi wanayo: Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, na tangu 2013 hospitali nyingi, zahanati, masoko na kilimo viko mikononi mwao.

Shida ni mfuko. Katiba inawapa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu yenyewe hupigwa kwa mapato ya mwaka wa mwisho yaliyokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Ukaguzi ukichelewa, unapimiwa kwa kibaba cha zamani. Mwaka 2019 Seneti, bunge linalotetea kaunti, ilitaka shilingi bilioni 335 za kaunti, Bunge la Kitaifa likang'ang'ania 310. Wakavutana miezi hadi wakaangukia 316.5. Mgao ukikwama hivyo, muuguzi wa kaunti hukopa unga dukani.

Halafu Februari 2020, kaunti ya Nairobi ikaikabidhi serikali kuu afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji, kwa sahihi ya gavana mwenyewe. Kisheria yalikuwa makubaliano. Mimi naita kunyang'anywa kwa adabu.

Ila usiende Wajir, kule kaskazini mashariki, kusema kaunti ni jina tu. Lami ya kwanza mjini waliiona baada ya ugatuzi, yaani madaraka kushushwa kwa kaunti.