Majibu kwa wapiga picha: salio la kamati, bango la hoteli na kadi iliyofutwa

Kaka, naanza kazi ya picha. Ninunue Canon, Nikon au Sony? (Kijana wa Tabata)

Nunua aina anayotumia mpiga picha aliye jirani yako, ili muazimane lenzi. Swali hili likija tena bila kuniambia unapiga nini na unamuuzia nani, halijibiwi.

Shikamoo. Nilipiga harusi Kinondoni, kamati ikatanguliza nusu. Picha zote nimeshakabidhi, na sasa mweka hazina hapokei simu. Nifanyeje? (Fundi picha, Dar es Salaam)

Marahaba. Kuna uwezekano mkubwa salio lako limeshaliwa. Sote tunajua hela ya kamati inavyokwenda: ahadi ziko kwenye daftari, mwingine anatoa ukumbini usiku uleule, mwingine hatoi kabisa. Mpishi kalipwa kwa sababu bila hivyo sufuria haziondoki kwake. Mwenye ukumbi kalipwa kwa sababu funguo anazo yeye. MC hashiki maiki kabla hajaona muamala kwenye simu. Anayebaki ni wewe, ambaye kazi yako inahitajika sherehe ikishakwisha. Siku ya kuvunja kamati wanakula kuku kwa kilichobaki, deni lako linasomwa kwenye mengineyo, kisha kikao kinafungwa kwa sala.

Kwa sasa achana na mweka hazina. Mwandikie bwana harusi, kwa adabu na kwa maandishi, umwekee ujumbe mliopatana bei na muamala wa malipo ya kwanza. Ikishindikana, mahakama ya mwanzo inasikiliza madai madogo kama haya, na si lazima uwe na wakili.

Kuanzia harusi ijayo, mkataba wasaini maharusi wenyewe au mzazi mmoja. Kamati ikishavunjwa utamdai nani? Nusu ilipwe siku ya kushika tarehe, salio siku 7 kabla ya harusi. Atakayekuambia "sisi ni watu wa kanisani, tuaminiane" mwongezee kipengele kimoja.

Mteja anataka mafaili ghafi yote (picha kabla hazijahaririwa), anasema kalipia. Nimpe? (Arusha)

Hapana. Kalipia picha zilizokamilika. Akizitaka sana, ziwekee bei itakayomfanya afikirie upya.

Hoteli moja huku Mombasa iliniita nipige vyumba na wahudumu, tukapatana kwa simu. Sasa picha zangu ziko kwenye bango la barabarani na jina langu halipo. Niwashtaki? (Mpiga picha, Nyali)

Kabla hujatafuta wakili, soma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vinginevyo. Yenu hayakusema kitu, mlipatana kwa simu! Kwa hiyo bango lile huenda ni halali yao. Kilichobaki kwako ni haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, ambayo haipotei hata umiliki ukihama. Waandikie uwaombe jina, na barua hiyohiyo iwe mwanzo wa kazi nyingine.

Wapiga picha wengi wa Kenya niliozungumza nao wanaamini anayebonyeza ndiye mwenye picha. Kwa kazi ya kuagizwa, imani hiyo haina sheria nyuma yake. Mistari mitatu ingekuokoa: "Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Mteja anaruhusiwa kutumia picha kwenye tovuti na mitandao yake kwa miaka 2. Bango, televisheni na kumpa mtu wa tatu vina malipo yake." Watanzania msicheke, nyie hata ujumbe mliopatana bei hamwekagi.

Na hao wahudumu, walikubali kwa maandishi sura zao zitumike? Hukuuliza, ila mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga sehemu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina sheria yake ya taarifa binafsi tangu 2022. Wenye mazoea ya kupandisha bibi harusi Instagram kabla hajavua shela, wekeni kipengele cha ridhaa.

Nimepata Canon 5D Mark III ya mtumba Kariakoo kwa milioni 2. Ni nafuu? (Mbagala)

Imeshapiga picha ngapi? Shata yake, kile kipazia kinachofunguka kila unapobonyeza, imekadiriwa mibonyezo 150,000, nayo ni makadirio, si kiapo. Tuseme imebakiza 60,000 na wewe harusi moja unabonyeza 2,500, maana mnapiga kama mnamwagilia bustani. Hizo ni harusi 24. Gawa milioni 2 kwa 24: kila harusi inakula zaidi ya shilingi 83,000 za kamera peke yake. Wanaotangaza harusi kwa 150,000 wapige hesabu hiyo, kisha watoe nauli, msaidizi na bando, waone kama kuna kazi hapo. Hawa ndio wanaolalamika kwamba simu zimeua soko.

Nimeformati kadi kwa bahati mbaya, sendofu nzima imo! (Mwanza)

Itoe kwenye kamera sasa hivi na usipige hata picha moja zaidi. Tumia programu ya PhotoRec, ni ya bure, na faili zinazookolewa zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Ukifanikiwa, nunua kamera yenye nafasi mbili za kadi, ili kila picha iwe na nakala.

Diski zimejaa kazi za miaka ya nyuma. Nifute zipi? (Dodoma)

Usifute, nunua diski nyingine mbili, moja ikae nyumba tofauti. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa na miaka kama 20, na mwaka uliofuata alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar. Alifariki 1996, na picha zake bado zinatafutwa. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa 1930, imeuzia wageni picha za mitaa na jamaa wa zamani ambazo siku zilipopigwa zilikuwa kazi ya kawaida tu. Ila andika majina, mahali na tarehe kwenye kila folda. Folda inayoitwa "harusi mpya final 2" haitamsaidia mwanao kuuza kitu.

Droni inahitaji kibali? (Bagamoyo)

Ndiyo, anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Na uanze kabla hujapokea hela ya mteja.