Spana ya toki kwa mwenye mashua moja na mfuko mdogo

Msomaji mmoja wa Masese, Jinja, ameniuliza kama mtu mwenye injini ya nje ya nguvu za farasi 15, anayeifungua mara chache kwa mwaka, ana haja ya spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Anayo, na haja hiyo mimi niliilipia.

Fundi mmoja wa mwaloni, ambaye sitamtaja, aliikaza plagi yangu kwa nguvu zake zote akisema kuwa mkono wa fundi ndio kipimo. Ilipofunguliwa tena ilitoka na meno ya tundu lake, nyuzi za alumini zinazong'aa zikiwa zimejisokota juu ya chuma. Hedi, kile kifuniko cha silinda kinachoshika plagi, ikaenda Katwe, Kampala, kutiwa meno mapya, gharama nikabeba mimi, na fundi huyo hadi leo hunisalimu kana kwamba hapakutokea jambo. Tangu hapo naikaza injini yangu mwenyewe. Juzi nimebadilisha gasketi ya hedi, nikakaza boliti kwa awamu kuanzia katikati kwenda nje kama kitabu kinavyoagiza, kisha nikatoka Kasenyi hadi kisiwa cha Koome na kurudi bila hitilafu yoyote. Mafundi waliokuwa wakinicheka waliitazama ile hedi wakanyamaza.

Sasa tununue ipi? Wengi hununua ile kubwa, yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi, kwa kuwa ndiyo inayojaa madukani, ilhali imekusudiwa nati za magurudumu ya gari, na nyingi huanzia Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 28 au 40, wakati plagi za injini nyingi za aina hii huhitaji takriban Nm 25 tu. Chukua ndogo, ya tatu kwa nane ya inchi, inayoanzia Nm 10 hivi, na usiiamini sana chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake cha juu. Ya sindano, inayoonyesha nguvu kwa sindano juu ya kipimo, ndiyo rahisi kuliko zote na haina springi ya kuchoka. Sindano isiposimama kwenye sifuri, unaikunja taratibu mpaka isimame. Ya kubofya, inayolia nguvu uliyoipanga inapofikiwa, ni nzuri pale usipoweza kuona kipimo, mradi uache kuvuta mara tu inapolia. Ya digitali waachie wenye karakana.

Kabla ya kuiamini, ipime. Bana kichwa chake cha mraba kwenye jiliwa, mpini ukilala sawa na ardhi, kisha tundika jerikeni katikati ya mshikio. Ikiwa hapo ni sentimita 25 kutoka kwenye kichwa, jerikeni na maji yake vikiwa kilo 10, spana inapaswa kusoma karibu Nm 24.5, na zaidi kidogo kwa sababu ya uzito wa mpini wenyewe.

Ndugu zangu wenye mashua, tunanunua mafuta kila siku bila kunung'unika, kisha tunaionea uchungu bei ya kifaa kinachoilinda hedi! Nunueni ndogo, nasema tena, ndogo. Meno yawe safi na makavu isipokuwa kitabu kimeagiza mafuta, kwa sababu grisi huifanya boliti ivutike kupita kiasi kwa kipimo kilekile. Ya kubofya irudishwe kwenye alama ya chini kabisa kabla ya kuwekwa sandukuni. Na fundi akiiazima ili kulegezea nati zilizoshika kutu, mnyimeni.