Ukigongwa na asiye na bima, nani anakulipa?

Ndugu zangu mnaoshusha gari yenu ya kwanza pale bandarini Malindi, hapa Unguja, hongereni sana, ila kabla hujapakia familia kwenda nayo Nungwi nisikilize kidogo habari ya bima, maana mie haya nimeyajua kwa pesa yangu.

Mwaka wa kwanza nlikata bima ndogo, bei yake nafuu na trafiki akikusimamisha alikuwa anaangalia stika, basi nkajua nshamaliza. Magharibi moja natoka Mwanakwerekwe, nimesimama kumpisha bibi mmoja avuke, nkasikia kishindo nyuma, kushuka bampa iko chini, buti limekunjika halifungi, taa za nyuma vipande vipande njia nzima. Kijana alonigonga anatetemeka, kosa hakulikataa, lakini kutizama stika yake imekwisha miezi mitatu nyuma na mfukoni hana kitu. Nkaenda kwa bima yangu, mama wa kaunta akanambia kwa upole, mwanangu, bima ndogo inamlipa ulomgonga wewe, gari yako mwenyewe haimo.

Hapo ndo wengi tunapopotea. Hiyo bima ndogo ndo wanayoiita thadi pati, na thadi pati ni mtu wa tatu, yaani yule wa nje, si wewe. Kwa hiyo alokugonga akiwa hana bima umebaki unamdai yeye mkono kwa mkono, na yule wangu alilipa mara mbili, ya tatu simu haipatikani.

Marekani wana kava yake mbali ya jambo hili hili, dereva asiye na bima akikugonga, na mara nyingi hata akigonga akakimbia, kampuni yako inakulipia matibabu yako na ya uliowapakia, baadhi ya majimbo mpaka gari. Kwa hiyo jamaa yako wa kule akikwambia kata hiyo, hapa usiitafute kwa jina hilo. Kwetu inayokuokoa ni bima kubwa: wanakutengenezea gari yako kwanza halafu wao ndo wanamfata alogonga. Lakini uliza eksesi, kile kipande cha hasara unachobeba mwenyewe, ni kiasi gani, uliza kabla hujasaini. Na uulize pia bima ya ajali binafsi ya dereva na abiria, ile ya mwili si ya gari, maana bampa inanunuliwa, mguu haununuliwi.

Siku ya ajali usikubali "tutamalizana" ya njiani. Piga picha gari zilivyokaa, leseni yake, mwite trafiki apime, na namba ya gari yake iingize kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kwa simu hapo hapo uone kama bima yake iko hai.

Jengine, na hili linaniuma khasa: skuizi vijana wanakata bima ya gari binafsi halafu wanawakodisha watalii. Tafadhalini, mwambieni wakala ukweli kama gari ni ya kukodisha, hata kama bei inapanda. Ikitokea ajali wakijua ulikuwa unakodisha, klemu, yaani dai lako la kulipwa, inaweza kukataliwa, na hata ile bima kubwa uloilipia inakuwa karatasi tu.